Anayepasuliwa Haamki

Huko Katogota, kwenye uwanda wa pamba, mwanamke akifa na mtoto tumboni, Kankindi hakuitwa kwa mdomo. Mtu alitumwa kwenda kusimama kwenye kiingilio cha ua wake, amempa mgongo, kimya, mpaka aonekane. Kankindi akishamwona aliacha alichokuwa akifanya. Kama ni mihogo, aliiacha nusu imemenywa. Aliingia ndani, akatoka na kisu kifupi kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akamfuata yule mtu bila salamu.

Kisu alikirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake vilevile. Kazi ilikuwa moja tu: kumpasua marehemu ubavuni na kumtoa mtoto, ili kila mmoja apate kaburi lake. Wakizikwa shimo moja, watu walisema, mlango mzima wa ukoo ule utafungwa. Mabinti watakaa na matumbo makavu na ng'ombe watatupa mimba. Hakuna aliyetaka kujaribu aone kama ni kweli.

Akimaliza, akitoka nje na mikono yake ile, ndipo kipigo kilipoanza. Wanawake walikuwa wanamngoja mlangoni na majivu, na michi, na mipini ya majembe. "Toka nacho! Toka nacho!" Walimaanisha kifo. Kifo kilikuwa kimemshika mikono, basi kilipaswa kufukuzwa pamoja naye mpaka nje ya mji, na aliyepiga polepole aliulizwa kama anataka kibaki kwake. Kankindi alijifunza kuinamisha kichwa na kukimbia kwa hatua fupi. Huko Luberizi walimvunja mfupa wa bega. Huko Sange aliacha meno yake ya mbele. Hakuinua mkono hata siku moja, maana hata mama yake hakuinua.

Kesho yake alikutana na wanawake walewale mtoni.

"Pole, mama Spès. Tulikuumiza?"

"Kidogo tu. Nani alinipiga na muchi?"

"Ni minye, dada," mmoja akajitaja.

"Aa! Weye iko na nguvu. Bwana yako anakulisha vizuri."

Wakacheka, wakamsaidia kujitwika mtungi.

Spès alikuwa mtoto wake wa pekee. Mume wake, Manirakiza, hakukaa duniani sana: alipigwa fimbo kwa ajili ya shamba la pamba ya lazima ambalo halikupaliliwa, akarudi nyumbani akikojoa damu, na pamba ile ilipofunguka ilivunwa na wengine. Kankindi akabaki na kile kichanga mgongoni. Siku alizotoka kwenye kazi yake ya kisu aliogopa kumshika. Alikaa nje ya ua, anajisugua mikono kwa majivu na mchanga mpaka ngozi inawaka, huku anamsikia Spès analia ndani kwa jirani, na maziwa yanamtiririka mpaka kwenye kitovu. Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha anajua sauti ile inavyovuta. Yeye aliivumilia, akisugua.

Spès akakua, akaolewa na Protais, mtoto wa pili wa Sidonie. Sidonie hakufurahi kuchukua binti wa mwenye kisu, akasema hivyo mbele ya watu. Protais alitaka, basi. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye mikono mikubwa. Alimlimia mama mkwe wake shamba bila kuombwa, na akikutana naye njiani aliteremka pembeni, akaangalia chini, akangoja apite.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na saba akaja Mzungu mmoja na lori waliloliita kamyo, na hema, na masanduku ya chupa. Hakuwa dokta wa kawaida. Alikuwa porofesa; alifundisha vijana udaktari huko Léopoldville, kwenye chuo kikuu, université ambayo ilikuwa haijamaliza hata miaka mitano tangu ifunguliwe, na likizo yao ilipofika yeye hakwenda kupumzika, alikuja kutafuta homa ya kimputu. Kimputu ni yule mdudu anayelala kwenye vumbi la sakafu na kuuma watu usingizini. Homa yake iliwatoa wanawake wengi mimba. Jina la yule Mzungu lilikuwa refu, la Kiflama, likawashinda watu. Kwa sababu alimbonyeza kila mtu chini ya mbavu za kushoto, mkubwa kwa mdogo, walimwita Bwana Bandama.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwanaume aliyekimbia sindano alipigwa kofi kama mtoto, mbele ya mke wake. Pembeni yake alisimama polisi mwenye bunduki, mtu wa Kasai, asiyejua lugha ya mtu yeyote wa uwanda ule. Mwenye kumsaidia kazi alikuwa Damien, infirmier, yaani muuguzi, Mfuliiru aliyekaa Uvira, mtaa wa Rugenge. Ni Damien aliyemsimulia habari za Kankindi, na siku hiyohiyo wakafika uani kwake.

"Mama, huyu ni porofesa ya badokta," Damien alisema. "Anauliza kama ni kweli weye iko unapasua batu bamekufa."

"Mwambie ni kweli. Na yeye?"

Mzungu alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha amri. "Na minye. Napasua mbele ya banafunzi. Baone ndani."

Kankindi alimtazama mikono. Ilikuwa safi, myekundu, kucha fupi. Akamtazama paji la uso, hakuna kovu.

"Halafu banakupiga na nini?"

"Nani?"

"Batu. Ukimaliza."

"Hakuna mutu ananipiga."

Kankindi aliacha muhogo aliokuwa akimenya. "Sasa kifo inaenda wapi?"

Damien alianza kucheka, akaona Mzungu hacheki, akanyamaza. Porofesa alivuta kinu kilichopinduliwa akakalia. Akamuuliza kama aliwahi kumkuta mtoto angali hai.

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mara moja. Alisogeza muguu."

"Na mama yake?"

"Alikuwa angali na moto mwilini. Halafu mutoto akaacha."

"Mulichelewa," porofesa alisema. "Inafaa kupasua mbele mama hajakufa. Unatoa mutoto, unashona mama. Bote banaishi. Minye nafanya hivyo."

Kankindi akasimama na kisu chake cha mihogo mkononi. "Damien, toa muntu yako hapa. Kupasua muntu muzima ni kumuua. Anayepasuliwa haamuki." Mzungu alisema neno kwa Kifaransa, kwa hasira, akaondoka anapiga mlango wa kamyo.

Haikupita muda, uchungu wa mimba ya kwanza ukamshika Spès. Ukaanza vizuri, kisha ukageuka. Jua likachwa, likatoka, likachwa tena, likatoka. Kankindi alipofika nyumbani kwa Sidonie alikuta mkono mdogo wa mtoto umetoka peke yake, umevimba, rangi ya bilinganya, na Spès halii tena. Macho yake yalikuwa yamefunguka nusu. Midomo ilipasuka kwa kiu.

Wanawake wa mji walikuwa wamekaa uani, wamekunja mikono. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wamefanya yote wanayojua, na sasa walikuwa wanangoja. Kankindi aliwatazama mmojammoja, akaelewa wanangoja nini, na kwa nini hakuna anayemtazama usoni. Spès akikata roho, mtu atatumwa kwenda kusimama kwenye ua wa Kankindi, amempa mgongo. Hakuna mwingine mwenye kisu. Atampasua Spès yeye mwenyewe.

Alikumbuka ule mguu uliosogea. Akatoka mbio mpaka kwenye hema la porofesa.

Porofesa hakuuliza mengi. Kamyo ilipoingia uani ilivunja ua wa matete na kukanyaga chungu. Yeye na Damien walimbeba Spès na mkeka wake. Sidonie akajitupa mlangoni.

"Apana! Muke wa nyumba yangu hapasuliwi na Muzungu akiwa anapumua! Protais iko kwenye pamba, mumungoje!"

"Dada, tutangoja nini?" Kankindi alisema. "Angalia mutoto yangu."

"Ni mutoto yangu sasa! Nilimutolea ng'ombe!"

Kankindi, asiyeinua mkono hata siku moja, alimshika Sidonie kitambaa cha kichwa na nywele zake pamoja, akambamiza kwenye nguzo ya nyumba. Sidonie akakaa chini, damu puani. Kamyo ikaondoka. Nyuma yake, Sidonie aliinuka, akaanza kukimbia kuelekea mashambani akipiga yowe.

Penye meza ndefu na paa la bati palikuwa mahali pamoja tu, ghala la pamba. Walimlaza Spès kwenye meza ya kuchambulia. Damien alimfunika pua na kitambaa, akadondosha dawa ya usingizi yenye harufu ya kuchefua. Kankindi aliambiwa ashike miguu. Aliishika. Kisu cha porofesa kilipoingia hakikupita ubavuni, kilipita katikati, chini ya kitovu, na damu ilikuja. Damu ya wafu wake haikuja hivi. Ilikaa nzito, imelala. Hii iliruka, ikampiga porofesa kifuani, ikachuruzika kwenye meza mpaka kwenye vidole vya miguu vya Kankindi. Ikiruka, basi kuna kitu kinaisukuma. Aliikazia macho damu ile akaiomba isiache.

Mtoto alitoka wa bluu. Porofesa alimning'iniza miguu, akampiga makofi, akampiga tena kwa nguvu, akatukana. Mtoto akakohoa, akalia. Msichana. Kankindi alimpokea kwa kanga yake mwenyewe, bila kukumbuka kusugua mikono.

Nje, watu walikuwa wamefika. Mtu alichungulia tundu la ukuta. Aliona Spès amelala na mdomo wazi, hatikisiki, tumbo limefunguliwa, na Kankindi kasimama miguuni pake. Angeelewa nini kingine? "Bamemupasua! Spès amekufa, yoo!" Kilio kikapanda, kikashikwa na wengine, kikafika barabarani.

"Endelea kushona," porofesa alimwambia Damien. Alikuwa amefunga ndani; ilibaki ngozi. Akatoka nje kuwanyamazisha, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Kankindi alisikia ile sauti aliyoijua kuliko jina lake. "Toka nacho! Toka nacho!" Kupitia tundu aliona majivu yakimwagika juu ya kile kichwa cheupe. Mchi ukampata begani, mpini wa jembe ukampata sikioni, na sikio likafunguka kama ganda. Hawakuwa wanamchukia. Walikuwa wanamfanyia lililo haki ya kila mwenye kupasua. Lakini yeye hakujua kuinama. Alisimama wima akarusha ngumi, akampiga mwanamke mmoja mdomoni, akasahau Kiswahili chake chote, akaanza kupiga kelele kwa Kifaransa. Nao wakazidi, maana mwenye kifo mikononi akikataa kutoka ni hatari kubwa zaidi.

"Inama!" Kankindi alilia pale tunduni. "Inama ukimbie, Bwana! Batakuacha njiani! Na weye polisi, usipige, ni desturi!"

Polisi wa Kasai aliona Mzungu wake anauawa. Alipiga bunduki.

Aliyeanguka ni Rénovat, kaka mkubwa wa Protais. Hakuwa na fimbo. Alikuwa anawavuta wanawake nyuma. Risasi ilimwingia shingoni, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akajishika, na damu ikapita katikati ya vidole. Sidonie alimfikia kabla hajalala. Polisi akapiga tena, hewani. Watu wakamrukia, bunduki ikapokonywa, meno yake yakavunjwa kwa kitako cha bunduki yake mwenyewe.

Mlango wa ghala ukasukumwa. Protais aliingia, matope ya shamba magotini, na nyuma yake wanaume wawili wenye mkeka. Damien alikuwa bado ana sindano mkononi. Walimtupa ukutani.

Kankindi alimlaza mtoto kwenye lundo la pamba, katikati ya weupe ule, akachukua kisu cha porofesa kwenye sinia.

Hata wakati ule Protais aliangalia chini. "Mama, toka. Wacha nizike bibi yangu."

"Iko muzima, Protais."

"Mama. Kaka yangu iko anakufa pale nje. Usinichezee."

"Amelala. Ni dawa. Weka mukono kifuani, utasikia."

"Siweki mukono kwa mufu." Alikuwa analia bila sauti. "Weye mwenyewe ulitufundisha. Nani alipasuliwa na akaamuka? Taja mumoja tu. Nitazika bibi yangu mbele jua haijazama, na mutoto kaburi yake. Mutoto iko wapi?"

Akanyoosha ile mikono yake mikubwa, akaipitisha chini ya mabega ya Spès, kwa upole, kama mtu anayemwinua mgonjwa anywe uji. Nyuzi za tumbo zikavutika. Kankindi aliziona zikikaza ngozi, na damu mpya ikachomoza penye mwisho ambapo Damien hakufika. Akiinuliwa atapasuka. Akibebwa watamfukia, na ataamka akiwa chini ya udongo.

Alikata. Kisu kile kilikuwa chepesi kuliko chake, na kikali kupita alivyodhani. Kiliingia juu ya kifundo cha mkono wa Protais kikafika kwenye mfupa. Vidole vikafunguka vyenyewe, vikamwachia Spès, na havikujifunga tena. Protais aliutazama mkono wake. Wale wanaume wenye mkeka walirudi nyuma. Mmoja akainua panga.

"Njoo," Kankindi alimwambia. "Bote munajua hii mikono inashika nini. Njoo nikushike."

Yule wa panga alijikaza, akampiga. Alilenga shingo, ikapata bega, lile bovu la Luberizi. Kankindi hakuanguka. Aliegemea meza, akamfunika Spès kwa mwili wake, na kisu bado mbele, damu yake ikadondoka juu ya damu ya binti yake.

Hapo Spès akatapika.

Maji ya njano yalimtoka mdomoni na puani, yakamwenda shingoni, akakohoa, akagumia kwa maumivu ya nyuzi. Mfu hatapiki, hilo hata mtoto wa Katogota alijua. Mwenye panga alilitupa, akatoroka kwa dirisha. Mwenzake aliacha mkeka. Protais peke yake alibaki, amepiga magoti, mkono unamwagika, akiangalia mdomo wa bibi yake.

"Shika kichwa yake igeuke," Damien alimwambia kutoka sakafuni. "Atapaliwa. Shika na mukono ile nzima."

Akashika.

Porofesa aliingia akitambaa, nusu ya uso wake damu na majivu. Alimkuta Kankindi, na Protais, na Spès, wote wanavuja, akawashona mmoja baada ya mwingine na uzi uleule. Mishipa ya mkono wa Protais ilimshinda. Rénovat hakumngoja.

Kamyo iliwapeleka Spès, mtoto na Kankindi mpaka Uvira. Nyuma yao wakaja basoda, askari wa serikali. Waliwalaza wanaume wa Katogota kifudifudi mbele ya ghala la pamba, wakawapiga fimbo mpaka suruali zikashikamana na nyama, Protais naye, na mkono wake kwenye bendeji. Nyumba ya mwenye panga ilichomwa. Porofesa hakuwepo. Alirudi kwenye université yake, na Damien alisikia baadaye kwamba anafundisha akiwa amegeuza kichwa, kwa sababu sikio moja halisikii tena.

Katogota walichimba makaburi mawili. Moja la Rénovat. Katika la pili walizika mgomba, uliofungwa mkeka wa Spès, wakaulilia, wakanyoa vichwa. Hawakuwa wajinga, walisikia kwamba anapumua. Lakini alikuwa amepasuliwa, na aliyepasuliwa ana kaburi, na kaburi likikosa mtu litatafuta mwingine. Sidonie alikuwa ametoa mtoto mmoja tayari. Neno likatumwa Uvira kwamba Spès asikanyage tena uwanda ule. Mfu hatembei kwao.

Basi walikaa Rugenge, kwenye chumba alichowatafutia Damien. Kankindi alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na kuuza barabarani, bega limepinda. Spès alinyonyesha. Mtoto alibatizwa Apollinarie. Spès hakumtaja Protais. Alitembea ameinama kidogo, mkono kwenye kovu, na watu walipouliza baba wa mtoto yuko wapi, alisema ana makaburi ya kutunza.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza alipofika mtu barabarani, kichwa chenye nywele fupi zinazoanza kuota, na kibuyu cha pombe ya ndizi kwapani. Aliteremka pembeni mwa njia, akaangalia chini, akangoja. Kankindi akaacha ndagala ziungue.

"Karibu, mugeni," alisema mwishowe. "Unatafuta nani?"

"Minye ni muntu wa Ndolera, mama. Nimehamia pale, hakuna anayenijua. Bibi yangu alikufa. Nimemaliza kilio. Niko natafuta mwingine, banasema hapa kuna musichana."

"Iko. Lakini iko na mutoto."

"Mutoto hanisumbui."

"Na tumbo yake iko na kovu kubwa. Usiseme kesho nilikuficha."

"Sitasema."

Kankindi aliutazama ule mkono. Vidole vilikuwa vimenyooka, vikavu, kama vya mtu anayekataa kitu.

"Na mukono yako, mugeni?"

"Mama mukwe yangu wa kwanza. Alinikata."

"Alikuwa mubaya hivyo?"

"Sana, mama. Na mama yangu anamulaani kila asubuhi, hataacha." Protais aliinua macho kidogo, kwa mara ya kwanza, yakafika kwenye bega lililopinda, yakashuka. "Lakini alikuwa na haki."

Ndani ya chumba Spès alikuwa anacheka au analia, haikujulikana, kwa sababu vyote viwili vilimvuta penye kovu, na alikuwa anagumia, "Mama, munyamazishe, ananiumiza, muingize."